Kibanda ya muvi za kutisha hapo Kibuye, na ile Psycho ya rangi

Wacha nianze na hasira ndio tumalizane nayo mapema. Jumapili ya wiki jana nimelipa mia mbili nikawekewa muvi kumi kwa flashi, zote za kitambo, zote za kutisha, na majina niliandika kwa karatasi na biro nikampatia mwenye kibanda mkononi, si ati nilimwambia kwa mdomo akasahau. Nikafika kwa nyumba Manyatta, nikakula, nikazima taa, nikajifunika blanketi mpaka kidevu, nikafungua Psycho. Ikaanza na rangi. Nikasema ngoja, ngoja, pengine ni tangazo, mara nikaona sura ya Vince Vaughn. Kumbe nimewekewa ile ya 1998 yenye Gus Van Sant alichukua muvi ya Hitchcock ya 1960 akairudia karibu picha kwa picha, kamera pale pale, maneno yale yale, tofauti kubwa ni rangi na waigizaji. Sijui nani alimtuma. Ni kama umeagiza ngege ya kukaanga halafu unaletewa picha ya ngege kwa sahani.

Hiyo ndio nyota moja nimetoa. Nne zimebaki, na zimebaki kwa sababu kwa hii Kisumu yote sijapata mahali pengine mtu anaweza kuuliza Cat People ya 1942 na muuzaji asimuangalie kama mtu ameuliza dawa ya mbu kwa duka ya viatu.

Kibanda iko Kibuye, katikati ya jamaa wa vitabu vya shule vya mitumba na fundi wa redio, na Jumapili ndio siku yake kwa sababu soko yote inajaa. Haina jina. Kuna tu karatasi imebandikwa na gundi, MUVI KOMIKI KUCHAJI SIMU, na hapo chini mtu ameongeza na penseli "na maji baridi". Mwenyewe ni mama wa makamo, sisi wote tunamuita Mathe, yeye anakuita wuoda (mwanangu kwa Kijaluo) ukiwa kijana na nyara (binti yangu) ukiwa msichana, ata kama amekuzidi miaka kidogo tu. Miaka ya tisini alikuwa anakodisha kaseti za vidio, zile kubwa nyeusi, halafu sidii zikaja zikamfungia, halafu flashi zikafungia sidii, na kila mara kitu ikiisha yeye anahamisha majina kwa daftari mpya. Hiyo daftari ndio menyu. Ni ile ya kurasa 200 ya jalada ngumu, imeshikwa na raba ya kukatwa kwa tyubu ya baiskeli, na kando ya kila muvi ameandika maneno mawili matatu na mkono wake: "usiku tu". "Inalaza". "Mbwa anakufa". "Watu wa kanisa wasione". Kando ya Dracula ya 1931 ameandika "mzuri lakini anaongea pole". Kando ya Night of the Living Dead ameandika "staringi anakufa", na hiyo nitairudia kwa sababu iliniuma.

Bei ni bob ishirini kwa muvi moja, komiki kutoka thelathini mpaka mia mbili kulingana na kama kava ingali iko. Hapunguzi muvi. Komiki mnaweza sikizana.

Kabla niingie kwa muvi zenyewe mjue venye mimi hupima. Likizo zangu zote za utotoni nilikuwa kwa dana, yaani nyanya yangu, Ugunja, huko ndani kabisa, na mtu yeyote wa huku magharibi, awe Mjaluo awe Mluhya, ameambiwa kuhusu wale wanaokimbia usiku, jajuok, anatoka uchi giza ikishaingia na kazi yake ni kukusumbua tu, haibi, haui, anataka tu ujue yuko. Nikiwa darasa la tano kuna usiku mvua ilinyesha ikaisha, vyura wakaanza, halafu wakanyamaza wote pamoja. Halafu shhhhh. Mchanga kwa mabati. Mkono mmoja tu wa mchanga, ukateremka polepole mpaka kwa mfereji. Dana akaweka kidole kwa mdomo, akazima koroboi. Tukakaa. Na hakuna kitu ingine ilifanyika usiku mzima, mlango haukugongwa, hakuna mtu alionekana, asubuhi tukapata nyayo kando ya choo na pengine zilikuwa za mjomba. Lakini ule muda kati ya mchanga na jogoo sijawahi kuogopa hivyo tena maishani, na nimewahi kuibiwa na kisu Kondele.

Kwa hivyo muvi ya kutisha naiuliza swali moja tu: wewe unajua kutupa mchanga kwa mabati, ama ni wale wa kuvunja mlango na panga ukipiga nduru? Muvi nyingi za siku hizi ni za panga. Dakika ya tano mlango umevunjwa, damu imeruka mpaka kwa kamera, volyumu inapandishwa ghafla ndio uruke kwa kiti, halafu wanasema umeogopa. Sijaogopa, nimeshtuka. Ata sufuria ikianguka jikoni nashtuka.

Sasa Cat People. Ilitengenezwa na studio ya RKO kwa pesa kidogo, dairekta ni Jacques Tourneur, lakini mwenye jina yake inatajwa sana ni prodyusa, Val Lewton, kwa sababu huyo ndiye alielewa kwamba kama huna pesa ya kutengeneza mnyama wa maana basi usimuonyeshe. Kuna dada anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani. Anafuatwa. Hakuna muziki. Ni viatu tu, ko ko ko ko vyake, na ko ko ko vingine nyuma, halafu vile vya nyuma vinanyamaza. Yaani vinanyamaza tu! Hapo ndio mimi nilisimamisha muvi nikaenda kuhakikisha nimefunga mlango. Anaongeza mwendo, anaangalia nyuma, hakuna mtu, matawi yanatikisika, na ghafla unasikia kitu kama chui anafoka kwa sikio lako. Ni basi imesimama. Breki. Dada anapanda, dereva anamshangaa, basi inaondoka. Mpaka leo watu wa filamu wanaita hiyo mbinu basi ya Lewton, na kila muvi yenye paka anaruka kutoka kabati halafu inakuwa ni paka tu imekopa hapo, ingawa wengi walikopa breki wakaacha viatu. Baadaye kuna ya bwawa la kuogelea, dada huyo huyo ako ndani ya maji, taa zimezimwa, ukuta wote ni vivuli vya mawimbi, na kitu inanguruma, na wewe unatafuta kwa vivuli kama mjinga. Mathe ameandika hapo kando "inalaza". Hapo Mathe amekosea na nimemwambia.

Nosferatu ya 1922 ameweka sawa, asante Mungu, kwa sababu hiyo nayo imerudiwa rudiwa na ningepata ingine ningelia. Ni ya Ujerumani, haina sauti, dairekta F. W. Murnau, na stori ni Dracula ya Bram Stoker ile ya 1897 yenye walichukua bila ruhusa wakabadilisha majina, Dracula akawa Orlok, wakidhani mjane wa Stoker hataona. Akaona. Akawashtaki, na mwaka wa 1925 korti huko Ujerumani ikaamua kopi zote ziharibiwe, lakini zingine zilikuwa zimeshavuka mipaka, na ndio sababu mimi mtu wa Manyatta nimeweza kuangalia kwa lapi kitu ambayo ilihukumiwa kuchomwa miaka mia moja iliyopita. Na hapo mjue pia, ile mambo ya vampaya kuuawa na jua haiko kwa kitabu, kwa kitabu Dracula anatembea mchana kama mtu wa kawaida, ni hii muvi ilileta. Sasa ile sehemu kila mtu anaijua ata kama hajaona muvi ni kivuli kinapanda ngazi. Hauoni Orlok. Unaona kivuli chake kwa ukuta, mgongo umepinda, vidole virefu kama uma za kugeuza nyasi, kinapanda, kinafika mlangoni, na vidole vinarefuka kabla mlango ufunguke. Kopi ya Mathe imepachikwa muziki wa kinanda kama wa harusi, ushauri wangu zima sauti kabisa. Mimi nilizima, na nje mvua ilikuwa inanyesha, na nyumba yangu ni ya mabati. Sisemi zaidi.

(Kuna kijana alikuwa hapo akauliza kama iko imetafsiriwa na DJ Afro, yule anasimulia muvi za ng'ambo kwa Kiswahili na sauti yake. Tulicheka, lakini nilipofika nyumbani nikafikiria, wee, muvi yenyewe haina sauti, si hiyo ingekuwa kazi imemngojea kabisa? Mimi DJ Afro nampenda, nimekua na yeye, ningelipa ata hamsini.)

Dracula na Frankenstein zote ni za studio ya Universal na zote ni 1931, na watu huzitaja pamoja kama chai na mandazi lakini si sawa. Dracula ya Bela Lugosi, Mathe amesema anaongea pole na ni kweli, yaani neno moja linatoka leo lingine kesho, na karibu muvi yote haina muziki, kwa hivyo kuna kimya mingi. Nusu ya kwanza hiyo kimya inafanya kazi vizuri, nusu ya pili inakuwa watu wamesimama sebuleni wakiongea kama mkutano wa mahari. Lakini Lugosi mwenyewe, yale macho! Huyo mtu alishikwa na hiyo kazi mpaka akafa nayo, 1956 alizikwa amevalishwa joho ya Dracula.

Frankenstein ndio muvi, bana. Na tafadhali, Frankenstein ni jina ya daktari, yule mwenye misumari kwa shingo hakupewa jina, nimechoka kubishana na watu kwa matatu. Aliyemcheza ni Boris Karloff, na mwanzoni wakati wanaonyesha majina ya waigizaji jina lake halikuwekwa, waliweka alama ya kuuliza. Mekap ilifanywa na Jack Pierce na ilikuwa inachukua karibu masaa manne kila siku. Sasa kuna ile ya msichana mdogo kando ya ziwa, na mimi kama mtu amekaa karibu na ziwa maisha yake yote iliniingia vibaya. Mtoto anamwita huyo jitu wacheze, wanatupa maua kwa maji, maua yanaelea, jitu anacheka, anafurahi kwa mara ya kwanza kwa muvi yote. Maua yanaisha kwa mikono yake. Anaangalia mikono. Anamwangalia mtoto. Anambeba anamtupa, akidhani ataelea kama ua. Wakati huo wakaguzi wa filamu walikata hapo, kwa kopi nyingi jitu ananyoosha mikono halafu picha inaruka, unaona tu baba amebeba mtoto amekufa mjini, na watu wakabaki kufikiria mambo mabaya kuliko yenye yalikuwa. Kipande kilirudishwa miaka ya themanini. Kopi ya Mathe iko nacho. Na hapa nikubali kipimo yangu ya mchanga inashindwa, kwa sababu ukificha hiyo sehemu jitu anakuwa mnyama tu, ukiionyesha unaona venye anashtuka, anapapasa maji na mikono akijaribu kumtoa, anaondoka akiyumba. Niliumia badala ya kuogopa na sikuwa nimejiandaa kwa hiyo.

Psycho ya kweli ilibidi nikope kwa jirani. Si mnajua sisi tuliokulia vidio za mtaani tulikuwa na sheria moja, staringi hafi. Anaweza pigwa, anaweza fungwa kamba, anaweza rushwa kwa maporomoko, lakini hafi, na akifa kaka yake anakuja. Sasa Hitchcock anakupatia Janet Leigh, unamfuata na pesa zake za wizi, unaanza kumpenda, na ata muvi haijafika nusu ameuawa bafuni. Umebaki na nani? Unabaki na huyo kijana wa hoteli, na unajipata unamhurumia akipanguza sakafu. Ile ya bafuni yenyewe ni kama sekunde 45, vipande vingi vimekatwa haraka haraka, damu ni sharubati ya chokoleti kwa sababu picha haina rangi na chokoleti inaonekana vizuri, na sauti ni fidla tu za Bernard Herrmann, zile za kukwaruza. Hitchcock mwenyewe alikuwa anataka hapo kusiwe na muziki, ni Herrmann aliandika kwanza halafu akamsikizisha. Ndio sasa mniambie, ukishaweka rangi hapo umepata nini? Umepata damu nyekundu. Damu nyekundu ata buchari iko.

Nirudi kwa ile imeniuma. Night of the Living Dead, 1968, George Romero na marafiki zake kutoka Pittsburgh, pesa kama dola 114,000 hivi. Staringi ni Duane Jones, mtu mweusi, Marekani ya 1968, na kwa muvi yote hakuna mtu hata mmoja anataja rangi yake. Yeye ndiye mwenye akili kwa hiyo nyumba, yeye ndiye anapigilia mbao kwa madirisha wakati wengine wanalia ama wanabishania nani ataingia chini ya nyumba. Neno zombi halitajwi popote. Anapita usiku mzima. Asubuhi kumekucha, watu wa kuokoa wanakuja na bunduki na mbwa, anachungulia dirishani, wanadhani ni mmoja wa wale. Basi. Na mimi hiyo nilikuwa nimeisoma kwa daftari kabla niitazame! Nilimuuliza Mathe mbona unaandikia watu mwisho wa muvi. Akaniangalia kama mtoto. "Wuoda, watu walikuwa wananirudishia kaseti wakitaka pesa yao."

Lakini nitasema kitu, ata nikijua, bado ilinikaba. Pengine vibaya zaidi, kwa sababu kila mara alikuwa anafanya kitu ya maana mimi najua haitamsaidia.

Na wale wa hakimiliki nawasikia mkianza. Hii moja mnyamaze, maana wasambazaji walibadilisha jina ya muvi dakika ya mwisho na ile notisi ya hakimiliki ilikuwa imeandikwa pamoja na jina ya zamani, ikapotea nayo, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo muvi ikawa ya kila mtu. Romero alipoteza pesa mingi hapo. Hizo zingine kwa flashi yangu, eeh, tuendelee.

Zilizobaki nitapita mbio. Dracula ya studio ya Hammer ya 1958, staringi Christopher Lee, damu nyekundu kama rangi ya kucha, ni tamu, haiogofyi, weka ukiwa unapiga pasi. Halloween ya 1978 ni ya John Carpenter, muziki wa piano alitunga yeye mwenyewe, na ile barakoa ya muuaji ni uso wa Captain Kirk wa Star Trek wamepaka nyeupe, na inatupa mchanga vizuri sana kwa sababu muuaji anasimama tu mchana kweupe kando ya kamba ya nguo, akiangalia. The Exorcist ya 1973 Mathe hauzi. Kwa daftari ameandika "sina". Anayo, nimeiona kwa kompyuta yake na macho yangu, lakini nikiuliza anaanza kupanga chaja.

Haya, komiki. Hizi ziko kwa katoni za mafuta ya kupikia chini ya meza, zinakuja zimechanganyika na belo za vitabu vya mitumba kutoka ng'ambo, kwa hivyo hakuna mpango, unapiga magoti unafukua. Katikati ya vitabu vya watoto na majarida ya mapishi nimetoa Tomb of Dracula tatu za Marvel na moja ya Tales from the Crypt. Hiyo ya mwisho Mathe aliitisha elfu moja, ati ni ya 1950. Nikamwonyesha barkodi kwa kona ya kava. Barkodi zilianza kuonekana kwa bidhaa miaka ya sabini, hii ni ya kuchapishwa upya. Akaichukua akaishika karibu na uso, akavaa miwani, akavua, akasema mia mbili. Nikalipa mia na hamsini.

Mnafaa kujua hiyo jina ina historia gani. EC Comics, mwenyewe Bill Gaines, walianza za kutisha 1950, senti kumi moja, na ndani kulikuwa na wasimulizi watatu wenye sura mbaya wanakuchekesha kabla wakutishe. Stori karibu zote ni za mtu mbaya anapata malipo yake kwa njia mbaya zaidi, ukiangalia vizuri ni hadithi za zimwi tu, dana angeelewa bila kutafsiriwa. Halafu 1954 daktari wa akili anaitwa Fredric Wertham akatoa kitabu kusema komiki zinaharibu watoto, na mwaka huo huo Gaines akaenda mbele ya maseneta, wakamwonyesha kava ya kwake ya mwanamume ameshika shoka na kichwa cha mwanamke, wakamuuliza kama hiyo ni adabu. Akasema kwa komiki ya kutisha ni adabu, ingekosa adabu kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo uone damu ikitiririka. Mzee wangu, si ungenyamaza tu! Kabla mwaka uishe wachapishaji walikuwa wamejiwekea sheria, hakuna vampaya, hakuna wafu wanaotembea, hata maneno ya kutisha kwa jina ya komiki yakapigwa marufuku, na EC ikafunga zile zake zote za kutisha. Baba yangu alikuwa mwalimu na sidhani aliwahi kusikia Wertham, lakini siku alipata komiki chini ya godoro yangu hotuba ilikuwa ile ile, na zangu zilienda jikoni kuwasha jiko.

Sheria ililegezwa 1971, na mwaka uliofuata Marvel wakatoa hiyo Tomb of Dracula. Wale mnapenda Blade ya Wesley Snipes, ile ya kuwinda vampaya, Blade alizaliwa humo, namba 10, mwaka wa 1973, akiwa na visu vya mbao na miwani ya ajabu. Ziko sabini na zote zilichorwa na Gene Colan, na huyo mtu alichora giza kama moshi, hauoni mstari unaanzia wapi. Hizi za Mathe karatasi imekuwa rangi ya chai na inanuka stoo. Kuna ukurasa mmoja, Dracula amesimama mlangoni, na Colan amechora tu nusu ya uso, nusu ingine amemwachia wino. Nimeuangalia huo ukurasa kuliko nimesoma maneno yake.

Kwa komiki mchanga unatupwa pale unageuza ukurasa. Mchoraji akijua kazi yake kisanduku cha mwisho upande wa kulia mtu anafungua mlango macho yametoka, na kilicho ndani kiko nyuma, ni wewe na kidole chako mtaamua. Ndio sababu lawama yangu ya pili kwa hii kibanda ni kubwa kuliko ya kwanza. Kurasa zinakosa! Nimenunua moja ya thelathini, haina kava, nyeusi na nyeupe, sijui ata ni ya nani. Stori ya pili, mwanamume anarudi nyumbani usiku, mke ametandika meza. Sahani tatu. Wao ni wawili. Mwanamume anauliza ya tatu ni ya nani, mke anatabasamu, unageuza, na unapata tangazo la kuuza baiskeli. Ukurasa haupo. Nimerudi kumuuliza Mathe kama umeanguka kwa katoni, tukafukua wote wawili, hakuna. Nikamwambia stori, nikamuuliza yeye anadhani sahani ni ya nani.

"Ya mgeni. Kwani kwenu hamuekei mgeni?"

Akaendelea kuhesabu chenji. Nimelala vibaya siku mbili.

Kuna moja hataki kuuza, iko juu kwa rafu ndani ya nailoni, Pichadithi ya Lwanda Magere, zile komiki za ngano zetu za miaka ya themanini. Mnaijua stori, mwili wa jiwe, mikuki inateleza, mpaka mke aliyetoka kwa maadui anagundua kwamba wembe ukigusa kivuli ndio damu inatoka. Nimetoa mia tano. Akasema hapana. Anakuachia usome hapo hapo ukiwa umesimama, mikono umenawa.

Kama mnaenda, endeni kabla ya saa sita, baadaye soko inabana na stima hupotea potea. M-Pesa anakubali. Bebeni flashi yenu, na kabla hamjaondoka mwambieni afungue kila muvi muone mwaka. Mimi Jumapili narudisha hiyo Psycho ya rangi, nimeshampigia. Amesema nije na flashi ingine, ile ya kwanza iliingizia kompyuta yake vairasi.